Ufunguo wa maabara uko kwa nani?

Tulifika saa nne asubuhi. Shule ni ya kata, iko mkoani Singida, na jina lake tunaliacha kwa kuwa zipo nyingi za namna yake. Jengo la maabara liko mwisho wa uwanja. Bati lake halijashika kutu, madirisha yana nondo, mlangoni linaning'inia kufuli. Tukaomba kuona ndani. Mwalimu wa zamu akamtuma mtoto wa kidato cha pili: kimbia kwa mwalimu wa fizikia, mwambie kuna wageni. Mtoto akarudi anatweta. "Mwalimu yuko mjini kwenye semina. Ufunguo anao yeye."

Saa nane bodaboda ikamshusha getini, vumbi tupu, akafungua. Mna meza ndefu za zege, sinki ambazo hazijawahi kuona maji, kabati mbili. Ndani ya kabati, mita za kupimia umeme bado zimo kwenye nailoni zake, lenzi zimeviringishwa kwenye pamba, springi zimepangwa kama vijiko vya wageni. Tukamuuliza vitatoka lini. "Wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa," akajibu bila kuficha. Na kwa nini si leo? "Kikivunjika kimoja, maelezo naandika mimi."

Hatumlaumu. Yuko peke yake kwa fizikia ya kidato cha kwanza hadi cha nne, hana fundi sanifu wa maabara, na orodha ya vifaa imesainiwa kwa jina lake. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefunga. Lakini ukiifuatilia fizikia ya nchi hii tangu Uhuru, utakutana na mlango huo mara nyingi: mara umefungwa, mara umesahauliwa wazi. Na kila uliposahauliwa wazi, tulipata kitu.

Uliosahauliwa ukatuletea sifa kuliko yote ulikuwa Mkwawa, Iringa, katikati ya miaka ya 1960. Habari yake inaanzia Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, na vijana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friza. Siku hiyo nafasi ya friza ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaingiza maziwa asiyoyachemsha kabisa ili awahi. Mpemba naye, kuogopa kukosa nafasi, akayatumbukiza yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganya mambo, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza. Baadaye akakutana na rafiki anayetengeneza aiskrimu Tanga mjini, akasikia kwamba wao huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto, kusudi uwahi kuganda. Kwa hiyo wauza aiskrimu wa Tanga walikwisha kulijua, wanalitumia, wanakula nalo. Darasani ndiko lilikokuwa kosa.

Alipofika Mkwawa akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likalidaka. Tangu siku ile mtu akikosea hesabu anaambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba. Aliyesoma bweni anajua utani wa namna hiyo unavyodumu.

Kisha siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili ndogo, moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza, akaondoka. Baada ya saa moja akarudi kuangalia. Zote hazijaganda sawasawa, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile iliyoanza moto. Tunaomba msomaji aitazame picha hiyo vizuri, maana hatujui nyingine nzuri kuliko hiyo katika historia ya sayansi ya nchi yetu: kijana peke yake, chumba kisicho cha somo lake, hana ruhusa, hana maksi anazotafuta.

Ndipo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Mwingereza kutoka Dar es Salaam, akaenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mada yake ilikuwa fizikia na maendeleo ya taifa. Mpemba akanyanyuka na swali lake: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, kimoja maji ya nyuzi 35, kingine ya nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakaona wameaibishwa mbele ya mgeni. Osborne hakuamini, ila alifanya jambo ambalo walimu wawili kabla yake hawakulifanya: aliahidi kwenda kujaribu. Fundi wake wa maabara Dar es Salaam alijaribu, akaleta taarifa kwamba kweli ya moto yametangulia, na akaongeza kwa nia njema kabisa kuwa ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba wakachapisha makala pamoja katika jarida la kufundishia fizikia la Uingereza.

Jambo lenyewe lilikuwa limeguswa na Aristotle kale, kisha Francis Bacon na Descartes, likasahauliwa. Leo linaitwa kwa jina la Mpemba. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayelieleza vizuri, na majibu zaidi ya 22,000 yakamiminika. Mwaka 2016 watafiti wengine wa Uingereza wakasema vipimo vyenyewe vina walakini, kuhamisha kipimajoto sentimita moja kunatosha kubadili jibu. Wanabishana mpaka leo. Hiyo si aibu kwa Mpemba hata kidogo. Swali linalobishaniwa miaka hamsini na zaidi ni swali zito.

Na mwenyewe? Hakuwa mwanafizikia. Alikwenda kusomea wanyamapori Mweka, akaitumikia idara hiyo. Jina la Kitanzania linalotajwa kuliko yote katika fizikia ya dunia ni la bwana nyama. Tulikuwa tumejiandaa kucheka kidogo hapa, lakini haichekeshi.

Tuwe wa haki: nafasi zenyewe zilikuwa chache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 na sheria. Kitivo cha Sayansi kilikuja 1965. Wanafizikia wazalendo wa siku hizo wangeenea kwenye Land Rover moja, na dereva akabaki na nafasi ya mzigo. Waliokuwa wakifundisha walikuwa wageni kwa sehemu kubwa. Kilichosaidia ni kwamba mwaka 1964 Abdus Salam, Mpakistani aliyekuja kupata Nobel mwaka 1979, alifungua kituo chake cha fizikia Trieste, Italia, kwa ajili hasa ya watu wa nchi kama zetu, ili mtu aende, anolewe, arudi nyumbani bila kulazimika kuhama moja kwa moja. Wanafizikia wa Mlimani, kilipo chuo hicho cha Dar es Salaam, wamekuwa wakienda huko tangu zamani.

Waliorudi wakakuta nchi inawahitaji kwa kila kazi isipokuwa ile waliyoisomea. Mohamed Gharib Bilal alisomea fizikia ya nyuklia Marekani hadi udaktari, akafundisha Mlimani, akakiongoza kitivo. Kisha siasa ikamchukua: Waziri Kiongozi wa Zanzibar 1995 hadi 2000, Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano 2010 hadi 2015. Kwa miaka mitano nchi hii ilikuwa na mtaalamu wa nyuklia hatua moja kutoka Ikulu. Ni mataifa mangapi yanaweza kusema hivyo? Na bado mzazi wa Ikungi mtoto wake akimwambia amechaguliwa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, anafurahi kwa sababu wenye PCM ndio vipanga, halafu usiku anamuuliza mkewe: hivi mtu akimaliza fizikia anakuwa nani?

Swali la mzazi huyo tumelibeba kama gazeti kwa sababu halijibiwi. Daktari anaonekana, mwanasheria anaonekana, mhandisi ana kofia ngumu. Mwanafizikia wa Tanzania amefanya kazi kubwa ambazo watu wamekula matunda yake bila kujua mti.

Chukua mbung'o. Wazee wa Manyoni na Itigi hawahitaji kuelezwa mbung'o ni nini. Unguja ilikuwa nao, wanaua ng'ombe kwa nagana, dawa na mitego vimepunguza lakini havimalizi. Wakaja watu wa mionzi. Kwenye kituo cha utafiti Tanga walizalisha mbung'o kwa mamilioni, madume wakapigwa mionzi ya gama kwa kipimo kinachowafanya tasa bila kuwaua, wakapakiwa kwenye ndege na kumwagwa juu ya kisiwa kila wiki. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na tasa, basi, uzao wake umekwisha. Kuanzia 1994 walimwagwa zaidi ya milioni nane. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa 1996. Kisiwa kizima kikasafishwa kwa kutumia mdudu dhidi ya mdudu mwenzake, na siri yote ilikuwa kwenye kipimo: ukizidisha mionzi dume anakosa nguvu ya kutafuta jike, ukipunguza anazalisha. Kupata kipimo hicho ndiyo fizikia.

Au chukua Ocean Road. Mgonjwa wa saratani kutoka Singida alikuwa akisafiri karibu kilomita 700 hadi Dar es Salaam kufuata mashine ya mionzi, mpaka huduma ilipofika na Bugando, Mwanza. Watu humjua daktari aliyewapokea na muuguzi aliyewashika mkono. Yule aliyekokotoa mionzi iingie kwa pembe gani, kwa muda gani, ili ipige uvimbe na kuuacha uti wa mgongo, hawamjui. Yuko chumba cha nyuma. Na Tume ya Nguvu za Atomiki iliyoko Arusha, inayopima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini na kukagua mashine za eksirei hospitalini, ni kama haipo, kwa jinsi inavyotajwa kidogo vijiweni.

Hapo ndipo tunapowagomba wanafizikia wenyewe, kwa heshima. Wamekuwa kimya mno. Anayejitokeza mara kwa mara kuwaeleza wananchi mambo ya anga, Dk. Noorali Jiwaji aliyefundisha Chuo Kikuu Huria, watu wanamjua kwa jina kwa sababu hiyo hiyo. Jua lilipopatwa Septemba 1, 2016 na kubaki pete juu ya Rujewa, umati ulikwenda kutazama. Hapa Singida tuliona kipande tu. Watu wana hamu. Wanaokosekana ni wa kuwaambia. Tukiwa hapo, ni wangapi wanajua kwamba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya eksirei za nyota ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na ikaitwa Uhuru? Neno letu limo katika kila kitabu cha fizikia ya nyota, na mitaala yetu haijatuambia.

Serikali nayo imekuwa ikivuta kamba huku na kule. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia shule zinazomfanya mtoto aamini maarifa yote yamo vitabuni. Katikati ya miaka ya 2000 Waziri Joseph Mungai akaunganisha fizikia na kemia kuwa somo moja; alipoondoka, yakatenganishwa. Shule za kata zikafumuka kila mahali, jambo jema, zikajazwa walimu waliopikwa haraka ambao wananchi, kwa ulimi wao mkali, waliwaita voda fasta. Kisha Rais Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na kuanzia 2012 hadi 2015 mtendaji wa kata akawa anapita nyumba kwa nyumba na daftari la michango. Watu walitoa. Mawe walisomba, mchanga walisomba, fedha ya alizeti iliingia humo. Na mwaka 2016, pale Dodoma, jirani zetu, vijana zaidi ya 7,000 waliokuwa wakisomea stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi wakaambiwa wafungashe warudi makwao. Kulikuwa na hoja kuhusu sifa za baadhi yao, na hoja hizo zilikuwa na mashiko. Lakini ulikuwa ni mpango wa kutafuta walimu wa sayansi, na walimu wa sayansi hawakupatikana kwa kuufunga.

Kwa hiyo jengo ambalo tuliliona saa nane mchana limejengwa kwa jasho la wananchi. Ndiyo maana kufuli lake linatukera kuliko makufuli mengine.

Singida ingekuwa na kila sababu ya kuwa mkoa wa fizikia. Tuanze na upepo, maana mgeni akishuka stendi hapa kitu cha kwanza kumpokea ni upepo, kofia ikae sawa. Katika vipimo ambavyo vimekuwa vikinukuliwa na wizara na TANESCO kwa miaka mingi, Kititimo, hapa hapa karibu na mji, ilipata wastani wa mita 9.9 kwa sekunde katika urefu wa mita 30 kutoka ardhini, na Makambako mita 8.9. Tofauti inaonekana ndogo. Si ndogo. Nguvu iliyomo kwenye upepo inakua kwa mchemraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nane. Ile mita moja tuliyowazidi Makambako ina maana ya nguvu kuongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, kwa pangaboi lile lile. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa hesabu hiyo, mradi mtu amwambie ipo.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 wamekuja wawekezaji na ramani za megawati 50 na megawati 100, vilima vya Kititimo na Kisaki vikapimwa na kupimwa tena. Mitambo ya kwanza ya upepo kuingiza umeme kwenye gridi ilikuja kusimama Mufindi mwaka 2020, mitatu, megawati 2.4. Hatuna wivu na Mufindi. Tunauliza tu: vile vipimo vya upepo wa Singida viko wapi? Vimo kwenye kompyuta za waliovipima. Shule ya sekondari iliyo mita mia chache kutoka mnara wa kupimia haijawahi kupewa hata ukurasa mmoja, na mwalimu wake anafundisha kasi na nguvu kwa mfano wa gari linalotoka A kwenda B.

Umeme wenyewe unapita hapa. Njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga imekwisha, na kutoka Singida nyingine inakwenda Arusha na Namanga hadi Kenya. Sisi ni njia panda ya umeme wa Afrika Mashariki. Kituo cha kupoza umeme tunakipita kila siku. Kwa nini unapandishwa kilovolti 400 kisha unapozwa? Kwa sababu nishati inayopotea njiani kama joto huongezeka kwa mraba wa mkondo. Ukiinua msongo, mkondo unapungua, na hasara inashuka kwa kishindo. Mada hiyo imo katika silabasi ya sekondari. Tungependa kujua ni mabasi mangapi ya shule yamewahi kusimama nje ya uzio ule.

Halafu maji. Mkoa huu umekaa juu ya graniti kongwe, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na graniti nzima haina maji. Maji yamo kwenye nyufa na kwenye mwamba uliooza. Kila kijiji kimewahi kulipia kisima kikavu. Mliowahi kuwaona wapimaji wa maji mnajua wanavyofanya. Wanapigilia misumari minne ya chuma kwenye mstari mmoja, waya zinatambaa hadi kwenye kisanduku, betri ya gari pembeni. Misumari miwili ya nje inapitisha umeme ardhini, miwili ya ndani inasoma. Mwamba mkavu unaukatalia umeme. Mwamba wenye maji unaupitisha kwa urahisi zaidi. Wanasogeza misumari ya nje mbali zaidi, na umeme unazama chini zaidi, wanaandika namba. Watoto wamezunguka, wanatazama kama sarakasi. Wazee wanasema hao ni waganga wa kizungu. Hakuna anayesimama kuwaambia watoto kwamba hiyo ni kanuni ya Ohm, ile ile waliyoikariri juma lililopita kwa ajili ya jaribio, na mita zake zimo kwenye nailoni kabatini.

Graniti hiyo hiyo ina urani kidogo na thoriamu kidogo ndani yake. Manyoni na Bahi, kwenye mbuga za chumvi, kampuni ya Uranex ya Australia ilichunguza urani miaka iliyopita. Na urani ikichakaa hutema chembe za alfa, na chembe ya alfa ni kiini cha heliamu, ndiyo maana mwaka 2016 dunia ilisikia habari za heliamu ya Rukwa, na leseni zikachukuliwa hadi Eyasi na Balangida, majirani zetu wa kaskazini. Gesi hiyo ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini. Mawe tunayokalia kusubiri basi yamekuwa yakiitengeneza tangu kabla hapajawa na kiumbe mwenye mguu. Kama hilo halimfanyi mtoto wa Mkalama aipende fizikia, basi tatizo liko kwa msimuliaji.

Na msimuliaji anasimulia kwa lugha gani? Mtoto amesoma sayansi kwa Kiswahili miaka saba, anaingia kidato cha kwanza anakutana na somo lile lile kwa Kiingereza, mwalimu mwenyewe akihangaika nacho. Tusianzishe vita hivyo leo. Tuseme tu kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, yenye kani, kanieneo, mchapuko, tungamo. Kazi ilifanyika. Maneno yale nayo yamefungiwa kabati lake. Hatuoni ubaya mwalimu akisema kani mara mbili na kurudia kwa Kiingereza cha mtihani mara moja. Walio wazuri wanafanya hivyo tayari, mlango ukiwa umefungwa mkaguzi asisikie.

Tunachodai ni kidogo na hakihitaji mfadhili. Maabara zifunguliwe kuanzia Januari, si wiki tatu kabla ya mtihani. Halmashauri za mkoa huu zitoe waraka mmoja unaosema kifaa kilichovunjika mikononi mwa mwanafunzi anayejaribu ni matumizi ya kawaida, kama chaki iliyokwisha, na mwalimu asiandike maelezo wala kukatwa senti. Waraka huo una uzito kuliko makasha mapya ya vifaa, kwa sababu hofu ndiyo iliyofunga kabati. Kila shule ipate fundi sanifu, na ikishindikana, shule tatu zigawane mmoja. Anayepima upepo, maji au madini katika ardhi ya kijiji aache nakala ya namba zake kwenye shule ya kata, hilo liwe sharti la kibali cha kuingia kijijini. Wanafizikia wa Mlimani na Dodoma wanaotoka hapa, na wapo, wakija likizo ya Krismasi wapite shuleni walikosoma kabla ya kwenda kwenye sherehe. Wasihutubie kuhusu maendeleo ya taifa. Waende wakaulizwe maswali.

Turudi kwa yule mwalimu, tulimwacha mlangoni. Alipokwisha kutuonyesha kabati alisimama, akatazama saa, akatazama watoto waliokuwa wamejazana dirishani. Kufuli alikuwa nalo mkononi. Akaomba kamba ya katani, akaifunga kwenye kufuli, akaifunga juu kwenye mti wa mlango, akapima kwa rula ya ubao ikawa mita moja kasoro nukta. Akamwita yule mtoto aliyekimbizwa asubuhi, akampa simu yake. "Ukisikia sasa, anza kuhesabu. Ishirini, kwenda na kurudi."

Kufuli likabembea. Watoto wakahesabu kwa sauti, kwaya nzima. Ishirini ikafika, simu ikasoma sekunde 40 na ushee. Mwalimu akaandika ubaoni kwa chaki, sekunde mbili kila mbembeo, akaanza kuwaeleza kwamba kutoka hapo wanaweza kuupata mvutano wa dunia, pale pale mlangoni.

Mtoto akainua mkono, simu ingali mkononi. "Mwalimu, na tukifunga kitu kizito kuliko kufuli?"

"Wewe unaonaje?"

"Kitawahi."

Wengine wakasema kitachelewa. Mwalimu alijua jibu, tulimwona usoni. Hakulisema. Akawaambia waende wakatafute jiwe, na mawe Singida hatukosi.